Difu mpya inalia, inachemka au inavuja: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Pikapu imetoka gereji juzi; kwenye difu, yaani gia za katikati ya magurudumu ya nyuma, kraunwili (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) mpya zimetolewa kwenye boksi mbele ya macho yako. Leo umefika spidi 70 na nyuma kunatoka mlio ambao haukuwepo. Ukimrudia fundi, jibu unalopewa mara nyingi ni hili: "Itazoea tu, bosi."

Haizoei. Kilomita za mwanzo zinalainisha uso wa meno na kuondoa mikwaruzo midogo iliyobaki kiwandani, basi. Haziisogezi pinioni iliyokaa mbali na kraunwili, wala haziilegezi beringi iliyokazwa kupita kiasi. Kibaya zaidi, ukiendelea kutembea na difu iliyopangwa vibaya, meno yanajichonga kufuata kosa lile lile. Hapo hata akija fundi mzuri kuipanga upya, seti imeshaharibika na italia hadi ununue nyingine. Kwa hiyo dalili ya siku ya kwanza ishughulikiwe siku ya kwanza.

Mifano yangu ni ya Toyota Hilux yenye difu ya nyuma ya inchi 8, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye barabara zetu na mafundi wake wapo kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kirinyaga Road, Nairobi. Kama yako ni L200, D-Max au Hardbody, mantiki haibadiliki, ila vipimo fuata kitabu cha gari lako.

Kabla hujaingia chini ya gari: breki ya mkono ya Hilux inashika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukishayainua haikulindi tena. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, na tofali ni hatari kabisa. Usiwashe injini na kuingiza gia huku gurudumu moja likiwa hewani na jingine likiwa chini. Kwenye difu ya LSD (inayobana magurudumu mawili yazunguke pamoja), gurudumu lililogusa ardhi litalisukuma gari litoke kwenye stendi likuangukie.

Inalia au inavuma

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndipo watu wanapotupa pesa bure kwa kufungua difu isiyo na kosa. Anza na jaribio la barabarani. Tafuta lami iliyonyooka, funga vioo, zima redio, panda hadi spidi ambayo mlio unasikika vizuri. Sikiliza hali nne: umekanyaga mafuta gari linavuta; umeshikilia spidi ile ile kwa mguu mwepesi; umeachia mafuta gari linajivuta lenyewe; na mwisho umeweka nyutro gari linateleza. Andika ni hali ipi inalia. Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya "inalia lia tu".

*Inalia hali zote, hata kwenye nyutro.* Mara nyingi si meno ya difu. Kwanza tairi: ingia barabara ya vumbi au badilisha tairi za nyuma na za mbele. Mlio ukibadilika au ukihama, chanzo umekipata. Pili beringi ya gurudumu: ukiwa spidi ya wastani na barabara iko wazi, yumbisha usukani polepole. Gari likienda kushoto uzito unahamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia. Kumbuka hafushafti (shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) zilichomolewa ili kichwa cha difu (sehemu ya katikati inayobeba gia) kitoke, na beringi iliyokuwa imechoka huanza kujitangaza ikishaguswa. Ukishaondoa tairi na beringi za magurudumu kwenye orodha ndipo uzifikirie beringi za pembeni za kraunwili. Hizo huvuma kwa sauti nzito, si kwa mlio mwembamba.

*Inalia ukikanyaga mafuta tu.* Hapa meno ya upande wa kuvuta hayakutani mahali pake. Kabla ya kufungua, hakikisha oili ipo na ni ya aina sahihi (nitaieleza kwenye kuchemka), kisha hakikisha bolti za flenji (sahani ya kuungia) ya propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, zimekazwa. Kama yote yako sawa, chanzo cha kawaida kabisa ni kimo cha pinioni, yaani imekaa karibu au mbali kiasi gani na kraunwili. Fundi amechukua shimu (washa nyembamba inayopanga kimo hicho) iliyokuwa kwenye seti ya zamani akaipachika kwenye pinioni mpya bila kupima alama ya meno. Wakati mwingine inakubali. Mara nyingi haikubali, kwa sababu kila seti ilichongwa kivyake. Ndiyo maana pinioni na kraunwili zimeandikwa namba ya kufanana; namba zikipishana, usifunge, rudisha dukani.

*Inalia ukiachia mafuta tu, au inapiga kelele ukishikilia spidi kwa mguu mwepesi.* Shuku pinioni iliyolegea: nati haikukazwa vya kutosha, au beringi zake hazina mkazo. Shika flenji ya pinioni kwa mikono miwili, isukume ndani, ivute nje, inyanyue juu. Isicheze hata kidogo. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia ni mwanya wa meno, hilo si kosa. Kuingia na kutoka ni kosa. Ukiikuta inaingia na kutoka, usiendeshe gari hilo, hata kulirudisha gereji. Livutwe magurudumu ya nyuma yakiwa yamenyanyuliwa, au libebwe juu ya lori.

Sasa tuingie ndani, kwa maana hapa ndipo kazi inapopatikana au kuharibika.

Alama ya meno ndiyo shahidi. Fundi apake rangi ya kupimia kwenye meno 3 au 4 ya kraunwili, katika sehemu 3 tofauti za duara, kisha azungushe pinioni kwa mkono mbele na nyuma huku mwenzake akiizuia kraunwili kidogo ili meno yabanane. Pale meno yanapokutana rangi inasukumwa pembeni na doa linabaki. Doa zuri liko katikati kati ya ncha ya jino na shina lake, na katikati ya urefu wa jino au limeelekea kidogo ndani. Kuelekea ndani kidogo kusikutishe. Mzigo ukiingia hulisogeza nje. Doa likiwa juu karibu na ncha, au nje kabisa, pinioni iko mbali: inahitaji shimu nene zaidi isogee. Doa likiwa chini kwenye shina, au ndani kabisa, pinioni imezama mno: shimu nyembamba. Shimu za Toyota zinapishana kwa 0.03 mm, kwa hiyo kukisia kwa kidole hakupo. Fundi makini hufunga pinioni kwanza bila silivu (nitaieleza hapa chini) na bila sili, ile raba ya kuzuia oili, anapima doa, anarekebisha shimu, na doa likikubali ndipo anafunga moja kwa moja.

Mwambie akuonyeshe doa kabla ya kufunga, upande wa kuvuta na upande wa kuachia. Lipige picha kwa simu. Ni haki yako, na fundi anayejiamini hatakunyima.

Kisha mkazo wa beringi za pinioni. Katikati ya beringi mbili kuna silivu inayominyika nati inapokazwa, na kuminyika huko ndiko kunakoshikilia mkazo. Silivu ni ya kutumika mara moja. Ikishaminyika kupita kipimo haijinyooshi. Ukilegeza nati robo mzunguko "ili iwe laini", pinioni inabaki bila kitu cha kuishikilia, na difu itaanza kulia baada ya muda mfupi. Aliyekaza kupita kiasi hana njia nyingine ila kufungua, kuweka silivu mpya na kuanza tena. Ndiyo maana bunduki ya upepo haifai kwa nati hii. Ikazwe kwa mkono na mpini mrefu, kidogo kidogo, ikipimwa kila baada ya kusogea.

Wengi husema hawana kifaa cha kupimia. Ipo njia ya kamba. Kabla kraunwili haijawekwa, zungusha kamba kwenye flenji ya pinioni, funga ncha kwenye mizani ya ndoana, ile ya kupimia samaki sokoni, vuta taratibu na usome wakati flenji inazunguka, siyo pale inapoanza kushtuka. Kwa difu nyingi za inchi 8 zenye beringi mpya, mkazo unaotafutwa ni karibu 1.2 hadi 1.9 N·m, kwa beringi zilizotumika ni kama nusu ya hapo. Kama kamba imekaa kwenye duara lenye upana wa sm 8, yaani nusu yake sm 4, mizani isome takriban kilo 3 hadi 4.8 kwa beringi mpya. Zungusha flenji mara kadhaa pande zote mbili kwanza ili beringi zikae, na zipakwe oili. Beringi kavu inadanganya.

Mwanya wa meno ndio wa mwisho kupimwa, na unahitaji dayal geji (saa ya kupimia nafasi ndogo sana): 0.13 hadi 0.18 mm ukipimia ukingo wa nje wa kraunwili, katika sehemu kadhaa za duara. Vipimo vikipishana sana sehemu hadi sehemu, kraunwili haikukaa sawa kwenye kikombe chake, yaani kesi inayoibeba. Huenda kuna uchafu au ukingo ulioumuka chini yake. Toyota wenyewe wanaagiza kraunwili ipashwe moto kwenye maji yanayochemka, karibu nyuzi 100, ipanuke ndipo iingie bila kulazimishwa. Sufuria kubwa na jiko la mkaa vinatosha. Fundi akichukua gesi ya kuchomelea kupasha gia, mzuie hapo hapo, maana ngozi ngumu ya meno ni nyembamba na moto ule unailainisha. Nyundo nayo isiguse.

Kama fundi wako hana dayal geji, hana presi na hapimi doa, sitisha kazi kwa heshima upeleke kichwa cha difu kwa mwenye navyo. Uzuri wa Hilux ni kwamba kichwa kizima kinatoka kwa mbele; unaweza kukipakia kwenye basi kikapangwe mjini na kurudi tayari kufungwa. Ni kizito, kibebwe na watu wawili.

Inagonga

Kugonga kumoja, "ko!", ukiingiza gia au ukikanyaga baada ya kuachia: usiilaumu kraunwili kwanza. Angalia kros za propela (viungo vyake vya kukunjika), zizungushe kwa mkono kushoto na kulia. Angalia bolti za flenji pande zote mbili, ambazo ziliguswa kwenye kazi hii. Angalia yu-bolti za springi. Zikilegea, hosingi nzima (ganda la difu pamoja na mikono yake) inajinyonga ukikanyaga mafuta. Angalia raba za gia boksi. Baada ya hapo ndipo uwaze gia ndogo za ndani ya kikombe, yaani spaida. Watu wengi hununua kraunwili na pinioni mpya wakaacha spaida zilizokwisha na washa zake, kisha wanashangaa mchezo uko pale pale. Kraunwili mpya haiponyi spaida iliyolika. Mwanya wa meno uliozidi kipimo unafuata mwisho, nao hurekebishwa kwa nati mbili za pembeni: unalegeza upande mmoja na kukaza mwingine kwa kiasi kile kile, ili mkazo wa beringi usipotee. Kepu za beringi zirudi upande zilikotoka. Ziwekewe alama kabla ya kufunguliwa.

Kugonga kunakojirudia kwa mpangilio ni jambo jingine, na ni zito. Tembea spidi ya mtu anayeenda kwa miguu, kama 5 kwa saa, mahali tulivu, usikilize. Kwa tairi yenye mzingo wa mita 2.2 hivi, gurudumu na kraunwili huzunguka mara moja kila sekunde moja na nusu. Propela na pinioni, kwa difu ya 4.10 (propela mizunguko 4.10 kwa mmoja wa gurudumu), huzunguka zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Tiki ya polepole inakuelekeza kwenye kraunwili: jino lenye kasoro, au kitu kilichonasa, au bolti ya kraunwili iliyolegea inayogusa hosingi. Tiki ya haraka inakuelekeza kwenye pinioni au kros. Kwa vyovyote, usiende mbali. Jino likivunjika kwa spidi kubwa linaweza kukaba kati ya gia, magurudumu ya nyuma yakafunga ghafla, na pikapu inayofunga nyuma kwenye spidi 80 hugeuka mbele nyuma. Zima, ita gari la kuvuta.

Inachemka

Gia mpya huwa na joto kuliko za zamani, hilo lisikutie hofu. Katika gia za aina hii meno hayakutani kwa kubiringika tu, yanaburuzana, na mpaka nyuso zilainike kuna msuguano mwingi. Hosingi isiyoshikika kwa kiganja kwa muda mrefu baada ya safari ni ya kawaida. Tone la maji linalochemka na kutoweka papo hapo lina maana umeshapita nyuzi 100. Kama una kipima joto cha kuelekeza na kinasoma 120 au zaidi, simama.

Chanzo cha kwanza ni oili. Lisimamishe gari mahali tambarare, fungua bolti ya kujazia: oili iwe usawa wa tundu, au isipungue zaidi ya mm 5 chini ya ukingo wake. Baada ya difu kufungwa upya, sehemu ya oili hutambaa ndani ya mikono ya hosingi, kwa hiyo tembea kilomita chache, acha itulie, pima tena na uongeze. Aina yake iwe 80W-90 au 85W-90 yenye maandishi GL-5. GL-4 ni ya gia boksi. Kwenye difu hii haibebi shinikizo la meno yanayoburuzana. "Oili namba 90" inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa lisilo na jina usiikubali, hata ikiwa nusu bei, kwa sababu namba 90 inaeleza uzito tu, haielezi kama ni GL-5. Nunua kopo lililofungwa, duka unaloliamini. Difu ya LSD ina oili yake, isome kwenye kitabu.

Chanzo cha pili ni mwendo, nitakuja kwake sasa hivi. Cha tatu ni mkazo au mwanya. Hapa joto lenyewe linakuonyesha njia: pua ya pinioni ikiwa na moto kuliko tumbo la difu, beringi za pinioni zimekazwa mno; tumbo likiwa na moto kila mahali na oili ipo, shuku mwanya mdogo kupita kiasi; mwisho wa hosingi, kwenye gurudumu, ukiwa na moto, breki inaburuza au beringi ya gurudumu inakufa, na difu haina hatia.

Mwendo wa kuzoesha gia ni huu. Safari ya kwanza kilomita 25 hadi 30, bila mzigo, spidi kati ya 60 na 80, ukibadilisha badilisha badala ya kushikilia moja. Kisha simama nusu saa au zaidi, mpaka kiganja kitulie juu ya hosingi. Rudia hivyo mara kadhaa. Kituo hicho cha kupoa ndicho kazi yenyewe. Anayekiruka amekosa sehemu muhimu kuliko zote, kwa maana uso wa jino ukipita joto lake unalainika na haurudi kuwa mgumu ukipoa. Hadi kilomita 800, usibebe mzigo mzito, usivute trela, usibonyeze mafuta hadi chini. Trela ya kwanza baada ya hapo nayo iwe ya safari fupi fupi, na mapumziko.

Najua pikapu ni kazi. Mwenye gari anataka lirudi kwenye mahindi na mkaa jioni ile ile ili pesa ya spea irudi. Lakini kuchukua difu iliyofungwa asubuhi, ukaijaza magunia na kuipandisha mlima Kitonga mchana, ni kuunguza seti nzima kwa safari moja. Wiki ya kwanza ipe kazi nyepesi za mjini: kupeleka watu, kuchukua vifaa vidogo, kurudi.

Inavuja

Futa kila kitu kikauke, endesha kilomita chache, kisha tafuta tone la juu kabisa. Oili inashuka na upepo unaisambaza nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea siyo inapotokea.

Kwenye ukingo wa kichwa cha difu na hosingi: gasketi ilikaa juu ya mabaki ya zamani, au silikoni haikuachwa ikauke kabla oili kumwagwa. Kwenye bolti ya kumwagia: washa ya zamani imerudishwa. Kwenye pua ya pinioni: sili ilikatwa ikiingizwa, au flenji ina mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ambao kucha ya kidole inausikia. Flenji yenye mfereji itakula sili mpya pia, ibadilishwe. Na angalizo kubwa hapa: kubadilisha sili ya pinioni kunadai nati ya pinioni ifunguliwe, nati ile ile iliyoshikilia mkazo. Kwa hiyo mkazo upimwe kabla ya kufungua, na uwekwe tena kwa kipimo. Fundi wa pembeni ya barabara akija na bunduki ya upepo "kubadilisha sili dakika tano", mkatalie.

Kipumuo kikiziba, sili zote zitavuja hata kama ni mpya, kwa sababu hewa ya moto ndani haina pa kutokea. Kipo juu ya hosingi, mara nyingi kimefunikwa na matope yaliyokauka. Kizungushe kwa vidole, kisafishe. Kuziba kwake kuna ubaya wa pili. Hosingi yenye moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, na kwa kuwa haipumui inavuta maji kupitia sili. Ukifungua bolti ukaona oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia: imwage yote, weka mpya, usisubiri hata wiki.

Oili ikitokea ndani ya gurudumu, sili ya hafushafti imejeruhiwa shafti iliporudishwa. Hiyo inakwenda kwenye viatu vya breki. Gari lisitembee mpaka sili ibadilishwe na viatu vilivyolowa vitupwe. Kuviosha kwa petroli hakutoshi.

Ya magurudumu manne inakaza, au spidi mita inadanganya

Pikapu ya 4x4 uliyobadilisha difu ya nyuma peke yake, ukiingiza magurudumu manne inavutana, inaruka ruka, kijiti hakitoki: inawezekana difu mbili hazina uwiano mmoja. Kukaza kidogo ukikata kona kwenye lami kavu ni kawaida ya mfumo huo hata difu zikiwa sawa, kwa hiyo jaribu kwenye mchanga au matope, ukienda moja kwa moja. Ikikaza hata hapo, toa magurudumu manne na usiyaguse tena mpaka uhesabu.

Kuhesabu ni rahisi kwa difu ya kawaida isiyo LSD. Gia nyutro, inua gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini likiwa na kabari. Weka alama ya chokaa kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha gurudumu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Mizunguko 39 ni difu ya 3.909 (meno 43 kwa 11). 41 ni 4.10 (41 kwa 10). 43 ni 4.30 (43 kwa 10). 45 na nusu ni 4.556 (41 kwa 9). Fanya vivyo hivyo mbele, habu zikiwa zimefungwa (zimeungana na shafti). Namba zikitofautiana, moja lazima ibadilishwe. Hakuna marekebisho mengine. Difu za mtumba ndiyo kisa cha mara kwa mara hapa, maana kwa nje zinafanana kabisa. Hesabu meno dukani, kabla ya kulipa.

Hata kwenye gari la magurudumu mawili, uwiano ukibadilika spidi mita inayosoma kutoka gia boksi nayo inapotoka. Ukitoka 3.909 kwenda 4.556, ukiwa kwenye 100 ya kweli mita itasoma karibu 117. Ukienda kinyume chake mita itasoma chini ya mwendo wako halisi, na tochi ya trafiki haitajali mita yako inasema nini.

Oili ya kwanza inapomwagwa

Kilomita 800 zikifika, mwaga oili ikiwa ya moto kiasi, kwenye beseni safi, mchana wa jua. Kwenye bolti yenye sumaku utakuta matope laini ya kijivu. Hayo ni ya kawaida kwa gia mpya, yatakuwa mengi kuliko utakayoyaona safari ijayo. Yapake kati ya vidole: yasikwaruze.

Vipande vinavyoshikika, vijiti vyembamba kama sindano au chembe zenye kona kali si vya kawaida. Magamba membamba yanayong'aa mara nyingi ni ya beringi. Kipande kinene chenye uso mmoja laini ni cha jino. Vifunge kwenye karatasi uvihifadhi. Usijaze oili mpya uendelee kutembea kwa matumaini. Kichwa cha difu kitoke, kifunguliwe na fundi mwenye vipimo, na doa la meno lipigwe picha tena lilinganishwe na lile la siku ya kufunga.

Vikiwa havipo, jaza GL-5 mpya mpaka usawa wa tundu, badilisha washa ya bolti, safisha kipumuo, na anza kuongeza mzigo kidogo kidogo.